Ng' ya Ng'ombe

Darasa la kwanza B, watoto tisini na wawili,
nami ubaoni na chaki, matundu yote mawili ya pua
yamefungwa kama duka lililopigwa kufuli na watu wa kodi.

Nasema: ma.
Darasa zima: ba!
Nasema: mama.
Baba! wanaitika kwa furaha, hadi madirisha yanatikisika.
Si kosa lao, wanafuata kilichotoka.
Pua ikiziba, ma haina pa kupita,
inageuka njiani, inapasukia midomoni.
Ng'ombe wangu alitoka gobe, mnyama asiyejulikana Mbagala nzima.
Na Nuhu wa dawati la nyuma, anayelelewa na mama peke yake,
aliandika alichosikia, akakifuta kwa mate,
akaniangalia.

Chafya wanazihesabu. Rekodi ni kumi na saba,
Jumatatu moja, Tumsifu alipofuta ubao kwa nguvu.
Ofisini kila mtu daktari.
Mwalimu Kaboyonga: habasoda, matone mawili kabla ya chai.
Mwalimu Nyamizi: jifukize mkaratusi.
Mama mkwe, kwa simu kutoka Kilosa:
hilo ni jicho la mtu.

Dawa ya kwanza nilijinunulia bila kuuliza.
Ilifungua pua papo hapo, kama mlango uliopigwa teke.
Baada ya mwezi ikawa kausha damu:
asubuhi inakukopesha pumzi,
jioni inakuja kudai, na riba,
na usiku wa manane nimekaa kitandani mdomo wazi,
nasikiliza feni, napapasa kichupa chini ya mto.

Elitruda wa duka la dawa, Rangi Tatu,
alininyang'anya kile kichupa
kama mtu anayempokonya mtoto kisu.
Akatoa kingine. Elfu kumi na nane, na mshahara bado wiki mbili.
"Hii ni steroidi," akasema. Nikarudisha mkono.
Binamu yangu alikula vidonge vya jina hilo, uso ukamvimba.
"Sikiliza, mwalimu. Hii ni kidogo, kazi yake ni humo humo puani.
Ila haina haraka.
Leo hutaona kitu. Kesho hutaona kitu.
Tikisa. Inamisha kichwa, tazama vidole vya miguu.
Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, lenga upande wa sikio.
Ukilenga ukuta wa katikati utatoka damu.
Na usivute kama bibi na ugoro.
Vuta kidogo tu, kama unanusa wali wa jirani
na hutaki ajue."

Basi nikawa naweka, kila asubuhi, puu, na puu,
kama sarafu kwenye kibubu.
Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya tatu, uchungu kooni.
Siku ya tano nilitaka kukivunja kibubu,
na mume wangu akasema kwa bei ile
walau kingekuwa kinaongea.

Siku ya tisa nilinusa.
Si asumini. Mfereji wa nyuma ya shule,
na maharage ya walimu yakianza kuungua.
Nikasimama pale navuta mfereji kifua kizima
mpaka mlinzi, mzee Chitemo, akauliza nimepoteza nini.

Siku ya kumi na moja, ubaoni: ng'ombe.
Niliweka chaki chini. Nikaiachia ng' polepole,
nikaihisi ikipanda nyuma ya ulimi,
ikapita puani bila kubisha hodi.
Ng'ombe! wakasema tisini na mmoja.
Nuhu hakusema. Alinyoosha kidole.
"Mwalimu, turudie lile la mama?"

Nikafungua mdomo. Ikaja chafya.
"Moja!" wakahesabu,
wakanyamaza, wakangoja ya pili.